Mrejesho: Vyumba vya juu kuganda, hapa Minneapolis, Marekani

Wakuu, asanteni. Niliuliza Januari kwa nini vyumba vya juu vinaganda huku hita ikiunguruma usiku kucha. Mlioniambia nipime kwanza hewa inavyovuja nyumbani kabla ya kununua hita kubwa, mmeniokolea hela.

Fundi alifunga feni mlangoni, ikatoa hewa nje hadi tofauti ya shinikizo la hewa kati ya ndani na nje ikafika paskali 50 (paskali ni kipimo cha shinikizo), nami nikazunguka na kijiti cha udi kutafuta upepo unakoingilia. Madirisha niliyoyalaumu hayakuwa na neno! Kwenye mfuniko wa kupandia darini na matundu ya mabomba ndiko moshi ulikotawanyika kama umepulizwa. Tukaziba kwa povu na mpira. Kwa shinikizo hilo la feni, kipimo kikashuka kutoka mibadiliko 11 ya hewa kwa saa (yaani hewa yote ya nyumba kubadilika mara 11) hadi 7.

Chumba kilicho juu ya gereji bado baridi. Sakafu yake haina sufi ya kuzuia baridi. Hicho kinangoja mshahara.