Mjadala: Mbona nyimbo zetu za kupinga dhuluma zinawaruka wenye kampuni?

Mtoa mada, Ngamiani

Wagosi na dada zangu wa Tanga, naomba tuzungumze bila kuoneana haya. Mkoa huu una sifa ya kuimba ukweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la Wagosi wa Kaya liliwaimba wauguzi, likawaimba trafiki, likauliza Tanga kunani. Rapa Roma, naye wa Tanga, aliibana serikali kwa mistari yake. Aprili 2017 alitekwa studio Dar es Salaam pamoja na wenzake, wakaonekana baada ya siku tatu. Hakuna wa kuwaita waoga watu hawa.

Lakini waangalie wanaosemwa: muuguzi, trafiki, mbunge, waziri. Mwenye kiwanda yuko wapi? Mwenye shamba je? Kampuni ya simu?

Mimi naona chanzo kiko mbali. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kwa miaka zaidi ya sabini wenye mashamba walikuwa kampuni na watu binafsi. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, walitoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Rwanda na Burundi, wakafanyia kipande, kadi ya kujaza siku 30 za kazi. Ukiugua, kipande hakijajaa na pesa huioni. Aliyekula jasho lao walimjua, na mgomo wa shamba la Mazinde wa 1958 ulimwelekea yeye. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba. Kuanzia hapo kumlalamikia mwajiri kukawa ni kuilalamikia serikali. Miaka ya 1990 mashamba yakarudi kwa watu binafsi, ila nyimbo hazikurudi nayo. Mpaka leo mtunzi akiona dhuluma anaangalia Dodoma, hata kama aliyeifanya ana geti lake hapa hapa mjini.

Halafu kuna pesa. Matamasha makubwa yanadhaminiwa na kampuni za simu na bia. Nyimbo ziliuzwa kama miito ya simu, wasanii wakalia miaka kwa mgao mdogo. Walilia kwenye mahojiano. Kwenye nyimbo, kimya.

Machi 2017 rapa Ney wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wa kukosoa, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wakaufungia, na mara Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Kampuni haina haja ya kufungia chochote. Inaacha tu kukuita kwenye shoo, na wenzako wote wanaelewa. Ndiyo maana namheshimu Fela Kuti wa Nigeria: mwaka 1980 alitoa "I.T.T.", akaitaja kampuni kubwa ya simu ya Marekani na mkubwa wake nchini kwao, Moshood Abiola, kwa jina kabisa.

Msimamo wangu: msanii anayekula udhamini hawezi kuisema kampuni, na tuache kumwita mtetezi wa wanyonge.

Makorora

Kaka, unataka mtu auze nyumba ya mama yake? Serikali ikikukamata, nchi nzima inapiga kelele. Kampuni ikikushtaki kwa kashfa, uko peke yako na wakili wako, kama unaye. Sisi watu wa pwani tuna mafumbo. Taarabu ya Tanga imesema makubwa bila kumtaja mtu, na kila aliyekaa ukumbini alijua nani kasemwa. Fumbo zuri halina pa kushikwa mahakamani.

Mtoa mada

Dada yangu, fumbo linamchoma mtu mwenye majirani. Anarudi nyumbani anajua mtaa mzima umemsikia, usingizi haupati. Kampuni itamwonea nani haya? Wenye hisa wengine hawajawahi kukanyaga Tanga.

Bagamoyo

Naomba niingie japo siko Tanga. Mimi ni mpiga ngoma, nimepita TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo. Hilo la udhamini nalikubali nusu tu. Tatizo kubwa ni kwamba hatujui cha kuimba. Chukueni bandari ya hapa kwetu. Makubaliano na Wachina yalitiwa saini 2013, Waomani wakaingia baadaye, yakitajwa mabilioni ya dola. Sisi tulisikia neema tu: ajira, viwanda, Bagamoyo mpya. Habari za ukodishaji wa miaka 99 na masharti mengine tulizisikia kwa sauti kubwa 2019, na aliyezisema ni Rais Magufuli mwenyewe alipoyakataa. Watu wamekaa miaka hawajui wajenge au wasubiri fidia, na sisi wanamuziki hatukuwa na mstari hata mmoja, kwa sababu utatungaje juu ya mkataba ambao hujauona? Wimbo wa waziri ni rahisi kwa kuwa waziri anasema kila siku redioni. Mkataba hausemi. Mngeanza kudai mikataba isomwe, nyimbo zingekuja.

Korogwe

Wanangu, nimekulia kambi ya mkonge, baba yangu alikuwa mkataji. Nisikieni kidogo. Hata kambini zile nyimbo za jioni hazikumtaja mwenye shamba. Zilimtaja nyapara, kwa sababu nyapara ndiye aliyehesabu matita na kuyakataa. Mwenye shamba tulimwona akipita garini. Mtu huimba anayemwona. Kwa hiyo hao vijana kuwaimba wauguzi hawakukosea. Muuguzi ndiye aliyekuwa mbele yao.

Mtoa mada

Shikamoo mzee wangu. Hapo umenigusa, na hapo hapo ndipo ninapobishana. Nyapara aliwekwa pale ili hasira ziishie kwake. Anafukuzwa huyu, analetwa mwingine, bei ya tita ni ile ile. Na muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wodi nzima naye kawekwa mbele yetu vivyo hivyo. Nataka wimbo unaotaja tita moja lililipwa kiasi gani na kamba yake ikauzwa kiasi gani Ulaya. Mgosi wa Bagamoyo ana haki: bila takwimu hatutungi. Mzee, maneno ya nyimbo hizo ukiyakumbuka, yaandike hapa tafadhali.

Makorora

Na huyo mwimbaji atapiga wapi? Nani atamlipa? Hilo umelikwepa tangu mwanzo, kaka.

Mtoa mada

Chama cha wafanyakazi. Tunakatwa kila mwezi kwenye mshahara, na Mei Mosi tunarudishiwa fulana na kofia. Pesa za fulana zinatosha bendi mbili na jukwaa.

Makorora

Viongozi wa chama wanakaa meza moja na mwajiri, na fulana nyingine mwajiri ndiye anazilipia. Nionyeshe tawi moja hapa Tanga litakaloruhusu wimbo huo upigwe uwanjani, nami nitakuja na shoga zangu kuitikia.