Naomba ushauri: nataka kuunga graveli (baiskeli ya njia za vumbi) ya kaboni kipande kwa kipande, bajeti dola 1,800

Mzee wa Vumbi:

Wakuu habari za muda huu.

Niko Arusha, upande wa Usa River. Nina baiskeli ya lami ya alumini, mtumba, bado inakwenda vizuri. Shida ni kwamba njia zangu siku hizi ni vumbi tupu: Ngaramtoni, Monduli, na nikipata siku mbili za mapumziko natoboa hadi Mto wa Mbu kwa njia za ndani. Fremu hairuhusu tairi zaidi ya milimita 28, na kwenye rasta za barabara ya vumbi mikono inakufa ganzi.

Graveli ya kaboni ya kampuni kubwa nimeangalia bei nikafunga simu. Sasa nawaza kuagiza fremu ya Kichina isiyo na jina, halafu vifaa vingine nikusanye taratibu kila mshahara ukitoka. Bajeti yote dola 1,800 ikiwa ni pamoja na usafiri na ushuru. Nataka iishie kilo 8 na pedali zake. Mimi nina kilo 74, urefu sentimita 176.

Nianzie wapi? Na ni wapi naweza kubana hela bila kujiua? Nawasilisha.

Spoku28:

Mkuu, tuanze na uzito maana ndoto nyingi huishia hapo. Fremu ya kaboni ya bei ya kati, saizi 54, ikishapakwa rangi ni gramu 1,100 hadi 1,250. Ile 950 ya kwenye tangazo ni saizi ndogo kabisa ambayo haijapakwa chochote. Uma wa mbele 430. Ringi za kaboni za bei ya kawaida 1,500. Leva, direla (kihamisha cheni), kranki, kaseti (gia za nyuma) na cheni ni kilo 2.4. Kalipa za breki na diski zake 550. Tairi mbili za milimita 43, kilo nzima. Usukani, stemu, nguzo ya kiti na kiti chenyewe, 850 ukichagua alumini nzuri. Halafu kuna vile vitu ambavyo watu huwa hawaviandiki: beringi za shingo, beringi za kranki, ekseli mbili, waya na makava yake, utepe wa usukani, silanti (maji ya kuziba matundu) ndani ya tairi. Hivyo peke yake vinagonga 650. Pedali 350.

Jumlisha uone: kilo 8.9. Kwa hela yako hiyo ni baiskeli nzuri sana. Kutoka 8.9 kushuka hadi 8 inawezekana, ila hizo gramu 900 zitakula hela kuliko fremu. Chupa zako mbili za maji zikijaa zina kilo moja na nusu, na kwenda Mto wa Mbu huwezi kuziacha nyumbani.

Kijana wa Tengeru:

Chukua Phoenix mkuu, inabeba gunia la mkaa na mke juu. Natania. Nimekaa hapa nasoma, maana na mimi nina ndoto hiyo hiyo.

Fundi Kaboni:

Swali la fremu nalijibu mimi, maana ndizo zinazonifikia gerejini.

Usichague fremu kwa gramu. Ichague kwa matundu yake. La kwanza ni tundu la kranki. Chukua yenye uzi, BSA ya milimita 68. Zile za kupachika kwa kushindilia, BB86 na wenzake, zinategemea tundu liwe mviringo kamili. Fremu ya bei rahisi mara nyingi haina mviringo kamili, vumbi letu laini likiingia hapo inaanza kulia kwik kwik kila ukikanyaga pedali. BSA ikichoka unafungua, unaweka mpya, nusu saa imekwisha. Ila mwambie fundi wako kabla hajashika spana: upande wa cheni uzi wake ni wa kinyume, unafunga kwa kuzungusha kushoto. Nimeona fundi mzoefu wa baiskeli za mizigo akakazana nao kwa bomba refu mpaka kile kikombe cha alumini kikabanduka kwenye kaboni. Fremu ikaishia ukutani kama pambo.

La pili, njia ya waya. Wakataze kabisa wakuuzie ile inayopitisha waya ndani ya beringi za shingo. Inapendeza kwenye picha. Beringi ya juu ikiingia mchanga, nawe utakula mchanga mwingi tu, kuibadilisha unavunja breki na gia zote mbele. Tafuta yenye matundu ya waya pembeni ya bomba la chini.

La tatu, nafasi ya tairi. Wakiandika 45, wewe weka 40 hadi 43. Hiyo nafasi inayobaki ni ya tope. Anayepita kwenye udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua anajua: tairi halizunguki tena, unabeba baiskeli begani pamoja na kilo nne za udongo.

Mengine haraka haraka: ekseli 12 kwa 100 mbele na 12 kwa 142 nyuma, kalipa za kufungwa flat mount, nguzo ya kiti ya mviringo 27.2 ili ukikwama upate nyingine popote. Kishikio cha direla kiwe cha UDH kama ikiwezekana, maana hicho kampuni ya SRAM walikitoa kiwe kimoja kwa fremu za kampuni zote, na kikipinda hutafuti cha fremu yako tu. Muulize muuzaji kama fremu imepimwa kwa kiwango cha usalama wa baiskeli, ISO 4210. Akikwepa swali, na wewe mkwepe. Na kaa mbali na fremu yenye nembo ya kampuni kubwa kwa bei ya robo. Hiyo ni feki, na anayedanganya jina hashindwi kudanganya kaboni.

Mzee wa Vumbi:

Fundi, asante sana. Hapo kwenye waya nilikuwa tayari nimeipenda moja, nimeifuta kwenye orodha. Uma ukifika unakatwaje shingo? Nasikia watu wanaogopa.

Fundi Kaboni:

Unaogopwa kwa haki. Funga kila kitu kwanza, panda, zunguka nao hata wiki ukiwa na pete nyingi chini ya stemu. Ukishajua urefu unaoutaka ndipo ukate, kwa msumeno wa meno madogo sana, taratibu, umeufunga kitambaa chenye maji ili ile poda isikuingie kifuani. Vaa na barakoa.

Ndani ya shingo ya kaboni unaweka plagi ya kutanuka. Ile nyota ya chuma ya kupigilia na nyundo ni ya shingo za alumini na chuma, kwenye kaboni inachana kuta kwa ndani na huioni. Bolti za stemu zisizidi Nm 5, kwa spana ya toki. Nguzo ya kiti ipake pesti ya kaboni, ile yenye chembe chembe. Ukipaka grisi itakuwa inateremka, nawe utakuwa unakaza tu hadi siku ipasuke.

Nakuru Kwa Baiskeli:

Jirani hapa, salamu kutoka Kenya. Hii michezo imeshika moto kwetu tangu Migration Gravel Race ianze kule Maasai Mara mwaka 2021, kwa hiyo mitumba ya graveli imeanza kuonekana. Naomba nizungumzie pesa, kwa sababu naona watu wanaongea mashimo tu hapa.

Fremu na uma 520. Gia kamili za microSHIFT Sword kama 430. Kalipa na diski 150. Ringi za kaboni 400. Tairi 90. Usukani, stemu, nguzo na kiti 130. Vile vidogo vidogo 120. Hiyo ni 1,840 na mzigo bado uko China. Usafiri wa fremu si mdogo, boksi ni kubwa hata kama ni jepesi. Halafu forodha: VAT kwenu ni 18%, kwetu 16, na inapigwa juu ya bei ukiongeza usafiri na ushuru. Dola 1,800 haifiki, kaka.

Njia ninayoiamini ni hii. Tafuta graveli nzima ya alumini, mtumba, yenye Shimano GRX (seti yao ya graveli) ya gia 10 au 11. Nunua, hamisha kila kitu kwenye fremu ya kaboni, uza fremu ya alumini na uma wake. Unapata leva, breki, ringi, hadi zile bolti ndogo ambazo zikikosekana zinakulaza wiki tatu. Pia hauna habari ya kuhangaika kama hiki kinaingiliana na kile.

Na hapo kwenye kuingiliana wengi wanalia: leva za GRX za gia 11 haziendi na direla ya baiskeli ya mlimani ya Shimano ya gia 11. Zote 11, zote Shimano, lakini mvuto wa waya ni tofauti. Leva na direla zitoke familia moja, basi.

Spoku28:

Naunga mkono hoja ya jirani, ila kwenye ringi nina maneno yangu. Kama fedha ni ya mkopo wa mkeo, kaboni isubiri. Ringi za alumini zenye habu nzuri zina gramu 1,750 hadi 1,800, yaani gramu 300 tu za ziada, na ukigonga jiwe la Monduli zinapinda kidogo badala ya kupasuka. Gramu hizo 300 utazinunua mwakani.

Ukinunua za kaboni, taka spoku zenye kichwa kilichopinda, zile za kawaida, na nipeli za shaba. Agiza spoku sita za ziada kwa kila urefu siku hiyo hiyo. Maduka yetu yana spoku za baiskeli za mizigo, nene na ndefu, hazitakusaidia. Na kama ringi hazina ukingo wa kushika tairi, usiweke tairi ambalo si la tyubulesi (lisilotumia tyubu), na usizidishe upepo wa bar 5, karibu psi 72. Kwa uzito wako na tairi la 43 hata hutakaribia huko, psi 32 mbele na 35 nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia.

Silanti kwa jua letu inakauka mapema. Fungua uangalie kila baada ya miezi miwili mitatu.

Dada Pedali:

Jamani mbona hakuna aliyegusa breki? Mtu anateremka kutoka Monduli Juu mnamfikiria gramu.

Hiyo seti ya Sword aliyoitaja jirani ni ya breki za waya. Si mbaya, lakini zifunge na makava ya waya yasiyobonyea, yale ya nyaya zilizonyooka ndani. Ukitumia makava ya bei ya chini unavuta leva mpaka igonge usukani na baiskeli inaendelea na safari zake. Kalipa zisukume pande zote mbili, kama TRP Spyre. Zile za kusukuma upande mmoja zinakufanya ushuke kuzirekebisha kila mara pedi zikilika.

Ukipata haidroliki kwenye huo mtumba, jua mafuta yake kabla ya kuondoka kwa muuzaji. Shimano wanatumia mafuta ya madini. SRAM kwenye leva za graveli wanatumia DOT, na hiyo DOT 4 au 5.1 unaipata duka lolote la vipuri vya magari, hata Kisongo. Ndiyo maana mimi huku bara huwa sidharau SRAM. Lakini ukimimina DOT kwenye Shimano, mipira ya ndani inavimba na leva imekufa. Na 5 tupu si 5.1, hiyo ni silikoni, haiingii kokote hapa.

Kijana wa Tengeru:

Dada hapo kwenye DOT umeniokoa, nilikuwa na chupa mkononi.

Mzee wa Vumbi:

Wakuu, nimewasikia. Nimebadili mpango: natafuta mtumba wenye GRX ya gia moja mbele, haidroliki, ringi za alumini zilezile zibaki. Fremu ya kaboni yenye BSA na waya pembeni nimepata mbili, najadiliana na muuzaji. Kilo 8 nimeisamehe, nikipata 9.2 nitashukuru.

Gia ya mbele 40 na kaseti ya 11 hadi 42 itanipandisha Monduli Juu? Na nikihamisha vifaa nichunge nini?

Fundi Kaboni:

40 kwa 42 ni chini kidogo ya moja kwa moja, kwa kilo 74 utapanda ukiwa umekaa, ila ukibeba mizigo utatamani 38. Anza na 40 iliyopo.

Kwenye kuhamisha, chunga ekseli. Urefu unaweza kufanana na uzi ukawa tofauti, kuna 1.0, 1.5 na 1.75. Ukiona inagoma baada ya mzunguko wa pili usilazimishe, agiza iliyo sahihi. Kaseti ya 11 hadi 42 kwenye friwili (sehemu ya habu inayobeba kaseti) ya lami ya gia 11 inataka pete ya milimita 1.85 nyuma yake. Itakuwa imebaki kwenye habu ya mtumba, usiitupe ukidhani ni takataka. Mabomba ya haidroliki ukiyakata kuyapitisha kwenye fremu mpya, uwe na oliva (kipete cha kubana bomba) na pini mpya, za zamani hazirudi.

Fremu ikifika, kabla hujasaini kupokea, fungua boksi mbele ya mleta mzigo. Pita na sarafu ukigonga polepole kila sehemu, hasa chini ya tundu la kranki na kwenye maungio ya nyuma. Mlio uwe mkali na unaofanana. Ukisikia sehemu moja inajibu bubu, piga picha na video papo hapo umtumie muuzaji. Ukishaifunga kranki hatakusikiliza tena.