Tunalipa ada ya TEHAMA kila muhula, jaribio la kemia tumepewa sifuri kwa sababu ya waifai

Wakubwa shikamooni, wengine habari za muda. Huwa nasoma tu nyuzi za watu na kupita. Leo yamenifika shingoni.

Nasoma ualimu wa sayansi kwenye chuo kimoja hapa Tanga, jina nalihifadhi kwa kuwa bado sijamaliza. Ada ya TEHAMA usipoilipa hufanyi mtihani. Mwaka huu tukaambiwa kila mtu aje na laptopu yake, praktiko na majaribio yote ni kwa mtandao wa chuo. Watu wakahangaika. Mama wa rafiki yangu anakaanga samaki pale Deep Sea, akakopa kwenye kikoba amnunulie mwanawe laptopu ya mtumba. Deni hilo analilipa mpaka leo.

Alhamisi tulikuwa na jaribio la titresheni, yaani kupima asidi kwa kuidondoshea besi tone kwa tone, dakika 20, kila kitu kwenye skrini. Darasa lina watu 60. Ruta ni moja, imetundikwa koridoni, nyuma ya ukuta mnene wa jengo la zamani. Tulipofungua ukurasa wote kwa mpigo, kiduara kikaanza kuzunguka. Waliokaa mlangoni wakapata maswali, sisi wa nyuma tukabaki kukodoa macho. Nikajiunga bando kwa hela yangu ya chakula, nikafika swali la 4, mfumo ukajifunga. Sifuri! Rafiki yangu hakuliona hata swali moja, naye sifuri. Mkufunzi anasema alama zimetoka kwenye mfumo, twende kwa watu wa TEHAMA. Tumeenda, tunajibiwa laptopu zenu ni nyingi mno. Jamani, nani alituagiza tuje nazo?

Kinachoniuma ni kwamba dawa yake inajulikana. Waifai ni redio. Laptopu zote zilizoshika ruta moja zinapokezana hewa ileile, kama ndoo kwenye bomba moja la mtaa. Ruta inatakiwa iwe ndani ya chumba, na ziwe zaidi ya moja. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, kila moja ipangiwe chaneli yake, 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani. Masafa ya 5 GHz yana nafasi kubwa zaidi, ila ukuta unayadhoofisha upesi, kwa hiyo kuiacha ruta koridoni ni kuyatupa.

Halafu waifai na intaneti ni vitu viwili! Moodle ni programu ya bure ya masomo na mitihani, inakaa kwenye seva hapohapo chuoni na watu wanafanya jaribio bila kutoka nje ya geti. Majaribio ya maabara ya kuigizwa kwenye kompyuta, yale ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, yanapakuliwa mara moja na kutumika bila intaneti, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Hawaii kiliunganisha kompyuta kati ya visiwa kwa redio mwaka 1971. Sisi mwaka huu tumeshindwa kuvuka ukuta mmoja.

Na bureti, ile mirija ya kioo ya kudondoshea? Zipo kabatini, zina vumbi. Sizikatai laptopu, kuchora grafu ya pH kwa kompyuta kunaokoa muda mwingi. Lakini ile fenolfthalini, kiashiria cha rangi, kugeuka pinki kwa tone moja la mwisho, mkono usipoizoea hapa, utaizoea wapi? Kesho nitasimama mbele ya wanafunzi wa sekondari huko Muheza au Pangani niwafundishe kitu ambacho sijawahi kukishika.

Tunachodai: jaribio lile lifutwe, turudie kwa karatasi, na ruta ziingizwe darasani kabla hatujadaiwa ada ya muhula ujao. Barua tumeipeleka, tumesaini 41, wengine wameogopa na siwalaumu. Hatujajibiwa. Mlioko vyuo vingine mliopitia haya, mlianzia ofisi ipi mpaka mkasikilizwa? Naomba majibu ya kweli, maana jaribio lijalo ni Jumatatu, chumba kilekile.