Naomba ushauri: asili ya neno "dord" ni Kilatini au Kigiriki?

Mtunga_Istilahi: Wakuu, ninaandaa kamusi ndogo ya istilahi za fizikia kwa wanafunzi wa sekondari, na kila neno lina safu ya maana na safu ya asili. Katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Webster niliyoinunua kwa wauza vitabu vya mtumba nimekuta "dord", maana yake densiti (masi ya kitu kwa kila kipimo cha ujazo), lakini asili haikutajwa. Nimekwama.

Mwalimu_Mstaafu: Ndugu yangu, mtoto atafaidika nini na Kilatini? Sisi tulikaririshwa hayo kwa viboko, na tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza hata moja.

Bint_Pangani: Kamusi hiyo ni ya mwaka gani?

Mtunga_Istilahi: Ni toleo la pili, la 1934.

Bint_Pangani: Basi usihangaike, kwa sababu neno hilo halikuwahi kuwapo. Mwaka 1931 Austin Patterson, mhariri wa kemia wa kamusi hiyo, alipeleka kikaratasi kilichoandikwa "D or d", yaani D kubwa au ndogo, akionyesha kwamba herufi hiyo ni kifupisho cha densiti. Wenzake wakaziunganisha herufi, likazaliwa neno. Mwaka 1939 mhariri mwingine alishtuka kuona halina asili. Kwani kitabu chako kimefika wapi?

Mtunga_Istilahi: Kiko kwa mchapaji, malipo ya awali nimetoa, na kwenye asili niliandika Kilatini. Lakini hata "apron" ya Kiingereza, yaani aproni, ilikuwa "napron" kabla watu hawajaikosea, "a napron" ikageuka "an apron", na leo nani anailalamikia?

Kijogoo: Andika: asili yake ni karani mwenye haraka.

Mzee_wa_Hoja: Apron watu waliitamka wenyewe, dord ameitamka nani? Tena mimi simwamini mleta uzi. Kamusi ina maneno yapatayo 600,000, naye aangukie hilohilo? Kisa hiki kimetungwa, na huenda yeye na Bint_Pangani ni mtu mmoja.

Mtunga_Istilahi: Liko ukurasa wa 771, kati ya Dorcopsis, ambaye ni kangaruu mdogo, na doré, yenye maana ya rangi ya dhahabu.

Mzee_wa_Hoja: Hayo yamejaa mtandaoni. Leta picha.

Mtunga_Istilahi: Nitaileta. Kwa sasa naona nimwambie mchapaji afute "Kilatini" aweke "asili haijulikani", ili kurasa zisipanguliwe.

Bint_Pangani: Asili inajulikana, nimekueleza hapo juu. Mwambie alitoe neno lenyewe.