Ukoo wa Mikindani: gumzo la Alhamisi, tarehe 25 Aprili 2019

07:12 Mwalimu Somoe
Assalaamu alaykum, ndugu zangu wote. Serikali ya mkoa wa Mtwara imetangaza hatua za dharura kwa ajili ya kimbunga Kenneth: shule zimefungwa, sehemu za kazi zimefungwa, na wote wanaokaa mabondeni na karibu na pwani wametakiwa kuhama. Usiku wa kuamkia leo kimbunga hicho kimepita Ngazidja, kisiwa cha Komoro, na sasa kinaelekea ama kwetu ama ng'ambo ya Ruvuma. Kila mmoja ajibu mambo matatu: yuko wapi, nyumbani kuna watu wangapi, na kama ana usafiri. Naomba pia tuandike maneno kamili, kwa maana mara ya mwisho kifupisho kimoja kilimpeleka mtu Masasi wakati msiba ulikuwa Msangamkuu.

07:15 Mwalimu Somoe
Ninaanza mwenyewe. Niko Chuno, nyumba ni ya tofali za saruji, nipo na wanangu wawili, na ninaweza kupokea watu kumi na wawili wasiochagua pa kulala.

07:41 Mwalimu Somoe
Ninaona kwamba ujumbe wangu umesomwa na watu kumi na tisa, na aliyejibu hayupo hata mmoja.

07:44 Hassani
Waalaykumu salaam, Mwalimu. Niko Magomeni, tuko watano, usafiri ni bajaji yangu yenye mafuta nusu tangi. Ila nina swali. Kama sehemu zote za kazi zimefungwa, je, yule anayetakiwa kuniwekea pesa zangu za korosho naye ameambiwa akajihifadhi leo, au alikwisha kujihifadhi tangu mwezi wa Desemba?

07:46 Mwalimu Somoe
Hassani, nimeuliza mambo matatu, na korosho halikuwa mojawapo.

07:52 Zuhura (Dar es Salaam)
Jamani, nimeangalia picha za setilaiti hapa Mbagala na mwili umenisisimka. Lile wingu ni kubwa kuliko mkoa mzima. Hebu kumbukeni Idai iliyoingia Beira mwezi uliopita. Watu walidhani ni mvua kama mvua nyingine, kisha maji ya mito yakawakuta juu ya mapaa. Mwalimu yuko sahihi, tafadhali mjibuni.

07:55 Hassani
Kinachonisumbua mimi ni hilo jina. Kenneth ni jina la mwalimu wa hesabu aliyehamishwa kutoka bara, siyo jina la kitu cha kung'oa minazi.

07:56 Swaumu
Babu amecheka, halafu ameniambia nisimwambie mtu kwamba amecheka.

08:10 Dadi (Msangamkuu)
Assalaamu alaykum. Tuko saba, usafiri ni mashua, lakini tangu alfajiri tumezipandisha zote juu ya mchanga na kuzifunga kwenye minazi, kwa hiyo kuvuka tunategemea kivuko, nacho kikisimama tutabaki huku. Ninawatuliza kwa jambo moja. Bamvua lilikuwa wiki iliyopita, mwezi ulipokuwa mpevu. Sasa mwezi wa Shaabani unapungua na maji ni mafu, kwa hiyo bahari haitapanda kama mnavyoogopa.

08:17 Mwalimu Somoe
Mwanangu Dadi, hesabu yako ya maji ni sahihi kwa siku ya kawaida, lakini upepo wa kimbunga husukuma bahari yenyewe kuja nchi kavu, na mvua yake huleta maji mengine kutoka mlimani, yakakutana mabondeni pale pale watu walipojenga. Maji mafu yatatupunguzia shida, hayatatuondolea. Shukeni na kivuko cha kwanza mtakachokipata, na watoto watangulie.

08:19 Dadi (Msangamkuu)
Nimekuelewa, Mama Mwalimu. Watoto watakuja na mama yao. Mimi nitabaki na vyombo.

08:20 Mwalimu Somoe
Sikusema ubaki na vyombo.

08:48 Mwalimu Somoe
Hawajajibu Rukia, Bi Mwajuma, watu wa Naliendele na wote wa Lindi. Gari la matangazo limepita hapa mara mbili. Wenye nyumba za bati wapigilie misumari ncha za paa, kwa sababu upepo huingia chini ya ncha ndipo hulibeba bati zima. Vyeti na hati za viwanja vitiwe kwenye mifuko ya nailoni. Simu zichajiwe sasa kabla umeme haujakatika. Na maji ya kunywa yajazwe kwenye madumu, kwani kisima kikiingiwa na maji ya mafuriko hakifai tena.

09:05 Zuhura (Dar es Salaam)
Kwa kuwa Mwalimu ametaja bati, naomba niulize jambo ambalo limekaa moyoni mwangu miaka mitatu. Paa la nyumba kubwa ya Mikindani lina mabati ya geji gani? Mimi nilichangia ya geji 28, yale mazito kuliko ya geji 30.

09:09 Hassani
Nilijua. Nilijua kwamba hata kimbunga kitatafutiwa mlango wa kuingilia kwangu.

09:14 Bi Mwajuma
Niko Ligula, tuko watatu, usafiri sina. Na mimi nilichangia misumari mifuko miwili, na fundi aliniambia kwa mdomo wake kwamba alipewa mmoja.

09:22 Hassani
Bi Mwajuma, ninakuheshimu kama mama yangu, lakini fundi huyo ndiye aliyelipwa mara mbili na kupanda juu ya paa mara moja. Mabati ni geji 30 kwa sababu pesa iliyofika mkononi mwangu ilitosha geji 30. Zilizobaki kila mtu anajua zilipita Masasi, na sitasema zilipita kwa nani, kwa kuwa mhusika yumo humu ndani na anasoma.

09:25 Zuhura (Dar es Salaam)
Sema.

09:26 Bi Mwajuma
Zuhura mwanangu, usimchokoze.

09:31 Amade (Ibo)
Assalaamu alaykum, ndugu zangu wa Mikindani. Huku kisiwani Ibo, ng'ambo ya Ruvuma, upepo umeanza kuvuma kwa vishindo na bahari imekuwa nyeupe mpaka upeo wa macho. Nyumba yetu ni ya miti na udongo na makuti. Tunafikiri kwenda kwenye ngome ya zamani, kwa sababu kuta zake ni nene, ila mama hawezi kutembea mbali. Mnatushauri nini?

09:33 Hassani
Zuhura, ukitaka niseme, nitasema, lakini kwanza ueleze wale mbuzi wa arobaini ya marehemu walinunuliwa kwa pesa ya nani.

09:34 Zuhura (Dar es Salaam)
Mbuzi wanahusiana nini na kimbunga?

09:36 Hassani
Wanahusiana kama mabati yanavyohusiana.

09:40 Mwalimu Somoe
Nyamazeni nyote wawili! Geji 28 au 30, paa lile liko mita mia mbili kutoka baharini na boriti zake ni za mikoko iliyokatwa kabla sijazaliwa. Ndani ya nyumba hiyo yumo Mjomba mwenye miaka themanini, pamoja na Swaumu. Hassani, chukua bajaji yako uende Mikindani sasa hivi, umlete Mjomba hapa Chuno, na ukirudi umpitie Rukia.

09:47 Hassani
Niko njiani nikimaliza kujaza mafuta. Ila mnamjua Mjomba. Mwaka ule wa mvua tulimbeba na kiti chake, akatushukia njiani na kiti akakiacha.

10:20 Hassani
Nimefika Mikindani. Mjomba amenikaribisha chai. Nimekunywa. Amekataa kuondoka. Anasema nyumba iliyojengwa na baba yake kwa mawe na chokaa haitahamwa kwa sababu ya tangazo la spika.

10:22 Mwalimu Somoe
Swaumu, mwambie Babu kwamba ni mimi ninayemwomba, tena kwa magoti.

10:24 Zuhura (Dar es Salaam)
Mwambieni pia kwamba kuta za mawe zitasimama, lakini bati jembamba likiruka linakata kama panga.

10:25 Hassani
Haya, geji imerudi.

10:58 Swaumu
Babu ameniambia niwashe simu na niandike kila neno analolisema bila kupunguza. Ninaanza.

11:06 Swaumu, kwa niaba ya Mjomba Mkubwa
Mimi ni mjomba wenu, na wengi wenu nimewatia majina. Mwaka 1952 nilikuwa kijana mdogo Lindi, kwa shangazi yangu, ilipokuja tufani katika mwezi huu huu wa Aprili. Wakati huo hapakuwa na mtu wa kututangazia. Tulilala tukiwa na paa na minazi, tukaamka hatuna paa, na minazi ilikuwa imelala yote upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Kwa hiyo msidhani kwamba ninadharau upepo. Ninaujua kuliko serikali. Nimekataa kuondoka kwa sababu nimesomewa ujumbe wenu wote tangu asubuhi, na nimesikia geji, nimesikia misumari, nimesikia mbuzi. Amade ameuliza jambo saa tatu na nusu. Mama yake ni dada yangu, tumbo moja. Mpaka saa hizi ninazozungumza hakuna hata mmoja wenu aliyemjibu. Akishajibiwa, nami nitapanda hiyo bajaji.

11:07 Mwalimu Somoe
Mjomba, nisamehe. Ujumbe wake ulinipita.

11:09 Mwalimu Somoe
Amade, mwanangu, nendeni ngomeni sasa hivi, msisubiri upepo uzidi. Mama abebwe juu ya kitanda cha kamba na vijana wanne. Chukueni maji na chakula kikavu, mkae upande wa ukuta usio na dirisha, na hata upepo ukitulia ghafla msitoke, kwa maana katikati ya kimbunga huwa pana utulivu, kisha upepo hurudi kutoka upande mwingine.

11:10 Zuhura (Dar es Salaam)
Amade ndugu yangu, tuko pamoja nawe. Ukipata nafasi tuandikie hata neno moja.

11:12 Bi Mwajuma
Allah awahifadhi. Nisalimie mama.

11:30 Hassani
Ujumbe wote kwa Amade una tiki moja tu. Nimempigia mara nne, simu haipatikani.

11:34 Mwalimu Somoe
Huenda mnara wa simu ndio ulioanguka. Tuendelee kupiga. Hassani, Mjomba anasemaje?

11:41 Hassani
Amenyamaza. Kisha amevaa kofia yake, amefunga mlango mwenyewe, na funguo ametia mfukoni. Tunakuja Chuno. Swaumu amebeba kuku.

12:50 Hassani
Tumefika. Kwa Rukia nimepita, mlango umefungwa na majirani hawajui alikokwenda. Huenda ameshahama.

12:52 Mwalimu Somoe
"Huenda" si jibu. Nani ana habari za Rukia?

14:15 Mwalimu Somoe
Dadi, watoto wamefika, mama yao amefika. Wewe uko wapi?

15:37 Dadi (Msangamkuu)
Niko na vyombo, Mama Mwalimu.

19:20 Zuhura (Dar es Salaam)
Habari zinasema kimeingia nchi kavu upande wa Msumbiji, Cabo Delgado. Mtwara mmesalimika.

19:24 Hassani
Hapa ni manyunyu na upepo ambao hata kusi ya kawaida inaushinda. Je, tunaweza kurudi nyumbani? Tuko kumi na wanne ndani ya vyumba vitatu, na kuku anawika akidhani taa ya simu ni alfajiri.

19:26 Mwalimu Somoe
Hakuna atakayerudi kabla ya tangazo, kwa sababu mvua huweza kuja nyuma ya upepo. Hesabu ya mchango wa chakula nitaileta kesho.

19:28 Bi Mwajuma
Mchango tena?

19:33 Swaumu
Babu hakula. Ameniuliza kisiwa cha Ibo kiko upande gani wa Cabo Delgado. Nimemwonyesha kwenye ramani ya simu. Amesema nisizime simu.

Ijumaa, tarehe 26 Aprili 2019

05:48 Hassani
Tiki bado moja.

05:50 Mwalimu Somoe
Nani anamfahamu mtu yeyote Pemba ya Msumbiji, au Mocímboa, au Palma? Nataka majina na namba, si dua peke yake. Na suala la kwenda huko tutalizungumza Mjomba akiamka.

05:51 Swaumu
Hajalala.

06:07 Rukia
Assalaamu alaykum. Samahani, simu haikuwa na chaji tangu juzi, ndiyo kwanza ninauona ujumbe wa Mwalimu. Niko nyumbani Mikindani, tuko wanne, usafiri sina.