Mjadala: Launji za viwanja vya ndege huku Magharibi mwa Kenya zipike ngege na osuga, au zibaki na sandwichi?

Wenzangu, kuna jambo limenikaa rohoni nami naomba tulijadili. Launji, yaani kile chumba cha kungojea ndege chenye makochi na chakula cha kujipakulia, unachoingia kwa tiketi ya daraja la juu, kwa kadi ya benki au kwa kulipa mlangoni, iwalishe wasafiri nini? Msimamo wangu nautoa mapema: launji yoyote itakayofunguliwa au kukarabatiwa huku kwetu, iwe Kisumu au Eldoret, ipike chakula cha huku. Samaki wa ziwani kama ngege (sato), osuga (mboga ya mnavu, au managu), ugali wa wimbi, kuku wa kienyeji. Anayepinga aje na hoja.

Kilichonichoma ni hiki. Nilikuwa narudi Kisumu kwa ndege ya jioni kutoka uwanja mmoja mkubwa. Mvua ya ziwani mnaijua, ikishaamua kunyesha na radi zake, rubani hana ila kungoja. Tulikaa saa nne. Nikalipa, nikaingia launji. Sandwichi zilikuwa zimepangwa kwenye sinia, kingo za mkate zimekauka na kujikunja kama majani ya mahindi wakati wa kiangazi. Soseji zimelala kwenye maji yaliyopoa. Birika la chai ukilibonyeza linatoa maji vuguvugu, majani ya chai kwenye vipakiti pembeni, maziwa ya unga. Hapa Kenya, nchi ya Kericho na Nandi Hills! Mhudumu alikuwa msichana mmoja kwa watu wanaokaribia sitini: akusanye sahani, afute meza, aulizwe ndege itaondoka lini. Hakumkunjia mtu uso hata mara moja, na mimi simlaumu kwa lolote.

Kando yangu aliketi mama mzee aliyetoka kumtembelea mwanawe. Aliugeuza ule mkate mara mbili, akaufunika kwa karatasi ya kujipangusia. Kisha akafungua mkoba, akatoa kopo la nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyoiva vizuri, akanisogezea. "Kula, mwanangu, hiki ndicho chakula." Tukala kwa kijiko kimoja, tukipokezana. Hakuna kilicholiwa kwa raha ndani ya chumba kile kuliko kopo lile.

Wengine hawaoni haya kwa vyao. Istanbul, kwenye launji ya Turkish Airlines, wapishi huoka pide, mkate wao bapa, mbele ya macho yako. Addis Ababa, ile ya Ethiopian Airlines ina injera, chapati yao ya unga uliochachuka, na kahawa hutengenezwa kwa utaratibu wao wa nyumbani. Nasi pia tunajua. Wanariadha wetu wakirudi na medali tunawapokea papo hapo uwanjani kwa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Na Kisumu haikuanza jana kupokea wageni wa angani. Miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zikitoka Uingereza zilikuwa zikitua juu ya maji ya ziwa hili hili. Sasa mgeni wa leo anashuka kando ya ziwa, anaondoka kando ya ziwa, na samaki hajamwona. Kwa nini?

JIBU, KUTOKA KAKAMEGA

Ndugu, maneno yako ni mazuri lakini hujawahi kusimama jikoni kwao. Mimi nimefanya kazi launji miaka miwili, si huku. Hesabu iko hivi: shirika la ndege au kampuni ya kadi humlipa mwenye launji kiasi walichopatana kwa kila kichwa kinachoingia. Akitumia kidogo kwenye chakula, kinachobaki ni chake. Sandwichi haihitaji mpishi wala moto. Tena ukishapita ukaguzi, kila kisu kina hesabu yake na jiko la moto lina masharti kibao. Chakula kingi hupikwa nje na kuletwa kwa gari mara moja au mbili kwa siku. Kile ulichokiona saa mbili usiku huenda kilitengenezwa alfajiri. Samaki huyo utamweka wapi? Akikaa saa sita kwenye joto, abiria akiharisha angani, atakayefukuzwa ni yule yule msichana.

JIBU, KUTOKA NAKURU

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi ndege ya abiria tunaifuata Nairobi, kilomita 160 kwa barabara, na tukifika tunakaa ukumbi wa kawaida na watoto. Pesa zikipatikana ziende huko kwanza: vyoo safi, viti vyenye mgongo, bomba la maji ya kunywa, mahali pa kubadilishia mtoto nepi. Ibara ya 46 ya Katiba inampa kila mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, haikusema mwenye kadi ya benki peke yake. Safari ya Kisumu ni kama dakika 45 tu hewani. Makochi ya nini?

JIBU, KUTOKA BUNGOMA

Naunga mkono kuku. Samaki hapana, harufu itajaa chumba kizima.

MWENYE HOJA ANAJIBU

Dada wa Nakuru, hapo umenishinda. Ukumbi wa wote uanze, na chakula ninachokitaja kiuzwe humo kwa bei ya mjini. Ila dakika 45 ni za hewani. Za kungoja chini mvua ikinyesha hazihesabiki, na ndizo zinazomchosha mzee kama yule mama.

Wa Bungoma, watu wanapanda ndege Kisumu kila siku na katoni za samaki wa kupelekea jamaa Nairobi. Harufu hiyo haijazuia ndege kuruka.

Ndugu wa Kakamega, umenifungua macho. Kwa hiyo anayelipa siye anayekula! Ndiyo maana chakula kinaweza kuwa kibaya mwaka mzima na asipatikane wa kuhangaika. Lakini abiria wakipaza sauti husikika. Mwaka 2023 Delta, shirika la ndege la Marekani, ilitangaza kuweka kikomo cha mara ambazo wenye kadi wangeingia launji zake, wateja wakaja juu, na haikupita muda ikalegeza masharti. Sisi tunalipa, tunatafuna mkate mkavu, tunanyamaza. Hata fomu ya maoni hatujazi.

Na kuhusu jiko: nyoyo haihitaji kisu. Viazi vitamu, njugu, ndizi za Kisii, osuga kwenye chombo cha kutunza joto, vyote vinapikwa nje na kuletwa kama zile soseji. Wewe uliyekaa humo nijibu: kwa malipo yale yale ya kichwa kimoja, chai ya maziwa iliyochemshwa na kiazi kitamu cha moto ingewezekana?

KAKAMEGA TENA

Chai na viazi, kila siku, bila shida. Osuga pia. Samaki ningemweka kwenye ndege za mchana tu, akaangwe asubuhi ile ile Dunga, ufuoni pale Kisumu, na kinachobaki saa nane kiondolewe mezani. Mwenye launji atakuuliza swali moja tu: hicho kinachoondolewa kitalipiwa na nani?