Tupeane uzoefu: Ni viumbe gani wameishi kwa amani na beta wako?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu wanachama, salaam. Swali la nani anaweza kukaa tangi moja na beta, yule samaki mdogo mgomvi wa mapambo, huulizwa mara kwa mara, na majibu mengi huwa ni orodha ya majina tu, isiyosema tangi lilikuwa na ukubwa gani, maji yalikuwa na joto kiasi gani, wala beta mwenyewe alikuwa na tabia gani. Naomba kila atakayechangia aanze na mambo hayo matatu, kisha atueleze aliyoyaona.

Niweke msingi kwanza. Beta tunayemfuga asili yake ni majaruba ya mpunga, madimbwi na mifereji ya Thailand na nchi jirani, na kwa vizazi vingi madume walichaguliwa kwa ajili ya kupiganishwa. Mwaka 2019 Thailand ilimtangaza rasmi kuwa kiumbe wa majini wa taifa lao. Dume hujenga kiota cha povu juu ya maji na kukilinda, na kwa kuwa ana kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa moja kwa moja, tabaka la juu la maji ndilo makazi yake. Kwa hiyo hasira yake haimwangukii kila kiumbe kwa kiwango kimoja. Humlenga zaidi anayefanana naye, yaani mwenye mapezi marefu yanayopepea, rangi kali, na mazoea ya kuogelea juu. Mimi huchagua majirani kwa kipimo hicho kabla ya kipimo kingine chochote: anakaa tabaka gani, anafanana na nini machoni pa beta, na je, maji yanayomfaa ndiyo hayo hayo yanayomfaa beta?

Tangi langu ni la lita 60, lina mimea mingi, na joto la Dar es Salaam hulifikisha nyuzi 27 hadi 28 bila hita. Beta wangu ni dume mwenye mkia mrefu, mpole kiasi. Anaishi na kundi la koridora, wale kambare wadogo wa Amerika Kusini wenye sharubu. Nilichagua aina iitwayo sterbai kwa sababu inastahimili joto letu, tofauti na koridora wenye madoa ya kijivu wanaouzwa kwa wingi, ambao hupendelea maji ya baridi zaidi. Wanahitaji kuwa sita au zaidi ili watulie, na sakafu ya tangi iwe mchanga laini, kwa sababu changarawe kali huwakwaruza sharubu. Beta huwatazama wanapopanda haraka kuvuta hewa, hugeuka, kisha huendelea na safari yake. Shida iliyopo ni ya chakula: vidonge vya kuzama ninavyowawekea koridora, beta huvifuata hadi chini na kula hadi tumbo linavimba. Siku hizi nawalisha baada ya kuzima taa, beta akiwa amekwisha kulala juu ya jani lake.

Mchangiaji, Mombasa

Ahsante dada kwa mada hii. Tangi langu ni la lita 45, na beta wangu ni dume mwenye mkia mfupi, ambaye ni mwepesi na mkali kuliko wenye mikia mirefu. Ninatumia maji ya kisima. Kwa kuwa ardhi yetu ya pwani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, maji haya ni magumu, yenye chokaa nyingi. Beta waliozaliwa katika mashamba ya ufugaji huyazoea wakiingizwa polepole, lakini samaki wengi wa maji laini hawayafurahii, kwa hiyo niliamua kutafuta kiumbe ambaye chokaa ni faida kwake, nikaangukia kwa konokono.

Konokono aina ya nerita ndiye ninayempendekeza. Gamba lake huimarika kwa chokaa, husafisha mwani wa kijani kwenye kioo, na hazaliani katika maji baridi yasiyo na chumvi, ingawa hubandika mayai meupe magumu juu ya mawe na magogo, na mayai hayo ni kazi kubwa kuyakwangua. Nilikuwa pia na konokono mkubwa wa rangi ya dhahabu mwenye papasi ndefu. Huyo sikumwacha humo. Kila alipotoa papasi zake, beta alisimama mbele yake, akaitazama ile papasi inavyojikunja kama mnyoo, kisha akaidonoa. Papasi huota tena, lakini konokono anayeishi akiwa amejifungia ndani ya gamba hali chakula ipasavyo, kwa hiyo nilimpa chombo chake.

Nitaje jambo moja kuhusu neoni, wale samaki wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa, kwa sababu kila muuzaji hapa huwasifu. Ni wapole kweli, lakini maji ya nyuzi 29, ambayo kwetu ni ya kawaida mwezi wa Machi, huwachosha mapema. Anayeishi pwani na anataka kundi la samaki wadogo atafute tetra aina ya emba, ambao ni wadogo zaidi, wenye rangi ya kaa la moto, na hustahimili joto hilo.

Mchangiaji, Nairobi

Kwetu tatizo ni kinyume. Usiku wa mwezi wa Julai nyumba hupoa sana, na tangi lisilo na hita hushuka chini ya nyuzi 20, kiwango ambacho beta hukaa chini bila kusogea na kukataa chakula. Nina hita iliyowekwa nyuzi 26, tangi la lita 54, na dume mtulivu.

Jirani zake ni uduvi wadogo wekundu. Ninaweza kueleza kwa yakini namna beta anavyowawinda, kwa sababu nimekaa mbele ya kioo nikimtazama. Husimama majini bila kutikisika, huupinda mwili wake nusu duara, macho yote mawili yanaelekea mbele, na mapezi ya kifuani peke yake ndiyo yanayotetemeka, kisha huruka. Uduvi mzima aliye karibu na mimea hurudi nyuma kwa mpigo mmoja wa mkia na kuokoka. Watoto wake huliwa. Kundi langu limedumu kwa sababu moja tu, nayo ni kichaka kizito cha mimea yenye vijani vyembamba vilivyosongamana, kinachojaza karibu theluthi moja ya tangi, ambamo beta hawezi kupenya. Niliwaweka uduvi kwanza, wakazaliana, ndipo beta akaingia mwisho. Mpangilio huo una maana kubwa, kwa kuwa beta anayetangulia huliona tangi zima kuwa lake.

Anayetaka uduvi wakubwa zaidi achague aina ya amano, ambao kwa ukubwa wao hawamezeki kirahisi.

Mchangiaji, Mwanza

Mimi nimefuga furu wa Ziwa Victoria muda mrefu kabla ya kupata beta, na wageni wanaokuja nyumbani huuliza kwa nini nisiwaunganishe wote katika tangi moja kubwa. Jibu langu ni hapana, na ni hivyo hivyo kwa mbuna wa Ziwa Nyasa na samaki wa mawe wa Ziwa Tanganyika, ambako kipimo cha pH, yaani cha asidi au magadi katika maji, hukaribia 9. Hao ni samaki wenye nguvu, wanaogombea mawe na mapango, na beta mwenye mapezi mazito hawezi kukimbia wala kujitetea mbele yao. Tangi kubwa halitatui jambo hilo.

Lakini lililonifanya niandike ni konokono. Wapo vijana wanaookota konokono mifereji ya mashambani au ufukweni mwa ziwa na kuwatia kwenye tangi ili wasafishe kioo. Tafadhali msifanye hivyo. Baadhi ya konokono wa maji baridi wa kwetu hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hutoka ndani ya konokono, huogelea majini na kupenya ngozi ya mtu. Sisi hutia mikono katika matangi yetu karibu kila siku, na watoto wetu pia. Nunueni konokono waliozaliwa ndani ya matangi.

Mchangiaji, Unguja

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu notho, samaki wadogo wa vidimbwi vya hapa Unguja, ambao dume ana mkia mwekundu na magamba ya buluu na kijani. Ni samaki wa ajabu: vidimbwi vyao hukauka, wazazi hufa, na mayai husubiri ndani ya tope hadi mvua zirudi. Ninampenda kuliko samaki mwingine yeyote, na kwa sababu hiyo hiyo simweki na beta. Dume wa notho ni mwenye rangi kali na mgomvi, na beta atamwona kama beta mwenzake. Maisha yake ni mafupi mno kuyatumia kwa kufukuzwa.

Mchangiaji, Arusha

Je, vipi kuhusu kuweka majike wa beta peke yao, bila dume? Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba majike watano katika lita 40 hawana shida.

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu wa Arusha, muuzaji huyo hakukutendea haki. Majike nao hupigana. Wapo wafugaji wazoefu wanaofanikiwa kwa tangi kubwa lenye mimea mingi na majike waliokua pamoja, lakini hata hapo amani inaweza kuvunjika baada ya miezi ya utulivu, na anayeumia huwa ni yule mdogo anayejificha pembeni mwa chujio bila kula. Ukiona milia ya mlalo imejitokeza ubavuni mwa jike, au kingo za mapezi zimechanika, mtoe siku hiyo hiyo. Mimi binafsi simshauri mtu kuwaweka hivyo.

Kwa anayeanza, tangi la lita 20 limwachieni beta peke yake, na majirani wafikiriwe kuanzia lita 40 kwenda juu. Gapi madume wenye mikia mipana, samaki wa jamii ya gurami, na wale wenye milia myeusi waitwao taiga, ambao hudonoa mapezi ya wenzao, wote waepukwe. Samaki wa dhahabu pia hafai, kwa sababu hupenda maji ya baridi na huchafua maji haraka. Kila mgeni akae katika chombo cha peke yake wiki 2 hadi 4 kabla ya kuingizwa, na chombo hicho kisitupwe baadaye, kwa kuwa ndicho kitakachomhifadhi atakayeshindwa kuelewana na beta.

Mchangiaji, Nairobi

Niongeze kuhusu chombo hicho cha pembeni. Dawa nyingi za magonjwa ya ngozi ya samaki zina shaba, na shaba huua uduvi na konokono hata kwa kiasi kidogo. Beta akiugua, mhamishieni huko mkamtibie huko, na maji ya dawa yasirudishwe katika tangi kuu.